Ghisallo: Makumbusho ya Baiskeli Yaliyohifadhi Hata Vyuma Vilivyopinda

Kwa kawaida hapa tunaongea habari za programu, simu na kompyuta. Leo nataka tuongee kuhusu mashine isiyo na betri wala skrini, lakini ambayo wahandisi na mafundi wamekuwa wakiichokora tangu karne ya 19. Mashine hiyo ni baiskeli. Na ili tusipotee njiani, tutakaa mahali pamoja: Museo del Ciclismo Madonna del Ghisallo, jumba la makumbusho ya baiskeli na mashindano ya baiskeli lililofunguliwa mwaka 2006 kaskazini mwa Italia.

Mbona jumba la Italia katika ukurasa wa mtu wa kompyuta? Kwa sababu sisi watu wa teknolojia tuna tabia mbaya na historia yetu. Tunaisimulia kama orodha ya washindi: fulani alivumbua hiki, mwingine akaleta kizuri zaidi, cha kwanza kikatupwa. Pale Ghisallo wametunza pia kilichovunjika, kilichokatazwa na kilichofungwa kwa kamba ili safari iendelee. Ukivitazama vitu hivyo kwa utaratibu, unaelewa jinsi teknolojia inavyokua kweli kweli.

Mlima, kanisa na taa

Ghisallo ni njia ya mlimani, mita 754 juu ya usawa wa bahari, katika kijiji cha Magreglio. Chini yake kuna Ziwa Como. Ukitoka mji wa Bellagio ulio ukingoni mwa ziwa hilo unapanda karibu kilomita 10, na sehemu nyingine ni kali kiasi cha kumfanya mtu ashuke asukume. Mashindano ya Giro di Lombardia, yaliyoanza mwaka 1905, yalipita hapo mara ya kwanza mwaka 1919, na tangu hapo mlima huo umekuwa na jina katika mchezo huu.

Pale juu kuna kanisa dogo la Kikatoliki. Wenyeji husimulia kwamba zamani za kale bwana mmoja mkubwa aliyeitwa Ghisallo alivamiwa na majambazi, akakimbilia mahali palipokuwa na picha ya Bikira Maria, akaokoka. Basi wasafiri wakapafanya mahali pa kuomba ulinzi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili padri wa kanisa hilo, Don Ermelindo Viganò, aliona wasafiri wengi wanaofika pale wamefika kwa baiskeli, wakihema. Akaomba Bikira Maria wa Ghisallo atangazwe mlinzi wao. Tarehe 13 Oktoba 1949 Papa Pius XII akamtangaza rasmi kuwa mlinzi wa waendesha baiskeli. Ndani ya kanisa kuna taa inayowaka daima kwa ajili ya waendesha baiskeli waliofariki.

Baada ya hapo mabingwa wakaanza kuleta vitu vyao kama shukrani. Gino Bartali, Fausto Coppi, Eddy Merckx, Felice Gimondi, Francesco Moser: baiskeli zao zikatundikwa ukutani, na jezi zikajaa hadi karibu na dari. Kanisa likakosa nafasi. Hapo ndipo likaja wazo la kujenga jumba kamili la makumbusho hatua chache kutoka mlangoni pa kanisa.

Mtu aliyeuma tyubu

Aliyelisukuma wazo hilo mpaka likawa jengo ni Fiorenzo Magni, mwanamichezo mstaafu. Magni alishinda Giro d'Italia mara tatu, mwaka 1948, 1951 na 1955, na pia mashindano ya Flanders huko Ubelgiji mara tatu mfululizo, kuanzia 1949 hadi 1951. Alikuwa na kichwa cha biashara vilevile. Siku hizo timu zilidhaminiwa na watengenezaji wa baiskeli, nao walikuwa wameanza kuishiwa pesa. Mwaka 1954 Magni akaenda kwa watengenezaji wa krimu ya Nivea, wakakubali kudhamini timu yake. Jezi za leo zilizojaa majina ya benki na kampuni za simu zimefuata njia hiyohiyo.

Lakini picha inayomtambulisha Magni ni ya mwaka 1956. Katika Giro ya mwaka huo alianguka akavunjika mfupa wa mtulinga. Daktari alimwambia aache. Yeye akaendelea. Shida ilikuwa hii: ukipanda mlima kwa baiskeli unavuta usukani kwa mikono yote miwili, na mkono wake mmoja haukuwa na nguvu. Fundi wake, Faliero Masi, akakata kipande cha tyubu, akakifunga kwenye usukani, na Magni akaushika ule mwisho mwingine kwa meno. Mkono uliposhindwa kuvuta, taya zikavuta. Alipanda hivyo, na hata alipoanguka tena akavunja mfupa wa juu ya kiwiko, hakuacha. Tarehe 8 Juni kulikuwa na hatua ya mlima Monte Bondone, iliyoendeshwa katika theluji, ambapo waendeshaji wengi walijitoa. Magni alifika. Mwisho wa mashindano alikuwa wa pili, nyuma ya Charly Gaul wa Luxembourg.

Mtu wa kompyuta akiiona picha ile anatabasamu. Sote tumewahi kuweka kipande cha tyubu katika mfumo fulani saa nane za usiku, ili kazi isimame hadi asubuhi. Magni alifariki mwaka 2012, miaka sita baada ya jumba lake kufunguliwa.

Kipande cha fimbo ya ufagio

Ghisallo pia kumehifadhiwa baiskeli ya Alfonsina Strada, aliyezaliwa mwaka 1891. Yeye ndiye mwanamke pekee aliyewahi kushindana na wanaume katika Giro d'Italia, mwaka 1924. Nafasi ilipatikana kwa sababu ya mgogoro wa pesa: timu kubwa ziligoma, na waandaaji wakawa wanahitaji watu wa kujaza orodha. Jina lake likaandikwa "Alfonsin", bila ile herufi ya mwisho, na msomaji wa gazeti asingejua kama ni la mwanamume au la mwanamke.

Kilomita zilikuwa 3,613, katika barabara za vumbi na matope. Katika hatua ya kwenda Perugia, siku ya mvua na upepo, usukani wake ulivunjika. Akautengeneza kwa kipande cha fimbo ya ufagio, akaendelea. Alifika akiwa amechelewa kupita muda ulioruhusiwa, kwa hiyo akaondolewa katika matokeo rasmi, ila waandaaji wakamruhusu aendelee kwa sababu watu walikuwa wanajipanga barabarani kumtazama. Waendeshaji 90 walianza mashindano hayo na 30 tu wakaandikwa kuwa wamemaliza. Strada alifika Milan kama wao, akiwa ameendesha njia yote, ingawa kitabu cha matokeo hakimhesabu.

Ninakaa kidogo kwenye habari hii kwa sababu inaonyesha kazi ya makumbusho. Ukisoma orodha ya washindi wa mwaka 1924 humwoni. Baiskeli yake ndiyo inayokulazimisha uulize ilikuwa ya nani.

Gia: teknolojia iliyokatazwa

Wengi hudhani kwamba kifaa kizuri kikivumbuliwa watu hukikimbilia. Gia za baiskeli zinatufundisha vingine. Mwanzoni baiskeli ya mashindano ilikuwa na kigurudumu kimoja chenye meno kila upande wa gurudumu la nyuma. Ukifika chini ya mlima unasimama, unafungua nati, unatoa gurudumu, unaligeuza, unafunga tena, unaondoka. Husimuliwa kwamba mwaka 1927 Mwitaliano kijana, Tullio Campagnolo, alikuwa mashindanoni mlimani katika theluji, vidole vikafa ganzi akashindwa kufungua nati zake. Iwe hivyo au vinginevyo, Campagnolo alikuja kubuni mtaimbo mdogo wa kufungua gurudumu kwa mkono mmoja, bila spana, na mwaka 1933 akaanzisha kampuni mjini Vicenza. Mtaimbo ule bado unatumika katika baiskeli nyingi hadi leo.

Gia za kuhamisha mnyororo wakati baiskeli inatembea zilikuwapo tayari. Lakini Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, hakuzitaka. Kwake mashindano yalikuwa ya misuli, na gia aliziona kuwa za watalii na wazee. Waendeshaji wakuu wa Tour hawakuruhusiwa kuzitumia hadi mwaka 1937, baada ya yeye kung'atuka. Fikiria hilo: kifaa kipo, kinafanya kazi, raia wa kawaida anakitumia kwenda sokoni, lakini bingwa wa dunia anashuka kufungua gurudumu kando ya barabara.

Hata ziliporuhusiwa, hazikuwa laini kama za leo. Mfumo wa Campagnolo ulioitwa Cambio Corsa ulikuwa na mitaimbo miwili nyuma ya mguu wa mwendeshaji. Alipeleka mkono nyuma huku akiendesha, akalegeza gurudumu, akakanyaga pedali kinyumenyume, akausogeza mnyororo kwa mtaimbo wa pili, kisha akakaza tena. Gurudumu lilikuwa limelegea chini yake wakati wote huo! Bartali alishinda Tour de France ya mwaka 1948 kwa mfumo huo, miaka 10 baada ya ushindi wake wa kwanza wa 1938.

Na kwa kuwa tumemtaja Bartali: wakati wa vita, mwaka 1943 na 1944, alisafirisha hati za bandia kwa ajili ya kuwaokoa Wayahudi, akijifanya yuko mazoezini, karatasi zikiwa zimefichwa ndani ya mabomba ya fremu. Mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtunuku kwa kazi hiyo. Wapo wanahistoria waliohoji ukubwa wa habari yenyewe. Bartali hakusaidia kumaliza ubishi, maana enzi za uhai wake hakupenda kuisimulia.

Rekodi iliyorudishwa nyuma

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Katika mchezo huu kuna jaribio rahisi kulieleza: endesha peke yako uwanjani kwa saa moja, tupime umefika wapi. Desgrange yuleyule ndiye aliyeweka rekodi ya kwanza rasmi, kilomita 35.325, mjini Paris mwaka 1893. Fausto Coppi aliendesha kilomita 45.798 katika uwanja wa Vigorelli, Milan, mwaka 1942, wakati jiji hilo likipigwa mabomu. (Coppi huyu, mmoja wa waendeshaji wakubwa kupata kutokea, alifariki tarehe 2 Januari 1960 akiwa na miaka 40, kwa malaria aliyoipata Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso. Mwenzake Mfaransa, Raphaël Géminiani, aliugua vilevile akapona kwa sababu madaktari wa Ufaransa waliitambua malaria. Wale wa Italia hawakuitambua.)

Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alifika kilomita 49.431 mjini Mexico City. Baiskeli yake ilikuwa nyepesi sana, lakini umbo lake lilikuwa la kawaida: mabomba ya chuma ya duara, spoki, usukani uliopinda kwenda chini. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 11.

Kisha Januari 1984 Francesco Moser akaenda mji huohuo akiwa na mashine ya aina nyingine. Magurudumu yalikuwa sahani nzima zisizo na spoki, usukani kama pembe za ng'ombe, na nyuma yake kulikuwa na kundi la wanasayansi waliohesabu upepo na damu. Siku ya kwanza alifika kilomita 50.808, na siku nne baadaye 51.151. Miaka mingi baadaye Moser alikiri kwamba aliongezewa damu, jambo ambalo wakati ule lilikuwa halijapigwa marufuku.

Mlango ukawa umefunguliwa. Mwaka 1993 Graeme Obree wa Scotland alifika kilomita 51.596 kwa baiskeli aliyoiunda mwenyewe, yenye beringi za mashine ya kufulia nguo. Siku sita baadaye Mwingereza Chris Boardman akampita kwa kufika 52.270. Mwaka 1996 Boardman huyohuyo akafika 56.375, amejinyoosha mikono mbele kama mtu anayepiga mbizi.

Wakuu wa shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, wakajiuliza: hapa tunapima mtu au tunapima chombo? Mwaka 2000 wakajibu kwa kufanya jambo ambalo kila mwandishi wa programu analifahamu. Walirudisha kila kitu kwenye toleo la zamani. Rekodi ikawa tena ile ya Merckx ya 1972, na yeyote aliyetaka kuivunja alitakiwa atumie baiskeli ya umbo lile. Kazi yote ya Moser, Obree na wenzao ikahamishiwa kwenye orodha ya kando.

Boardman akarudi uwanjani mwaka huohuo wa 2000, kwa baiskeli ya mtindo wa zamani. Alifika kilomita 49.441. Alimpita Merckx kwa mita 10. Linganisha na zile 56.375 za miaka minne kabla: pungufu ya karibu kilomita 7. Ni kweli alikuwa amezeeka kidogo na yuko ukingoni mwa kazi yake, lakini umri wa miaka minne hauli kilomita 7 katika saa moja. Sehemu kubwa ya tofauti ile ilikuwa chombo na mkao.

Sheria ile haikudumu. Mwaka 2014 UCI iliruhusu tena baiskeli za kisasa za uwanjani, na mwaka 2022 Mwitaliano Filippo Ganna akafika kilomita 56.792 huko Grenchen, Uswisi, kwa fremu iliyochapwa kwa printa ya chuma.

Kwa hiyo katika muda wa miaka 30 swali "rekodi ni ngapi?" lilikuwa na majibu yaliyopanda, yakashuka, yakapanda tena, kwa sababu ya karatasi zilizoandikwa ofisini. Mtu akitaka kujua Merckx na Moser walifanya nini hasa, kitabu cha rekodi hakitoshi, maana kimeandikwa upya zaidi ya mara moja. Inabidi aende kuitazama baiskeli.

Baiskeli iliyopinda

Kitu kinachowanyamazisha wageni kanisani pale ni baiskeli ya Fabio Casartelli, iliyoharibika. Casartelli alikuwa mtoto wa eneo hilohilo la Como, na alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona mwaka 1992. Tarehe 18 Julai 1995, katika Tour de France, alianguka akiteremka mlima wa Portet d'Aspet, kichwa kikapiga jiwe la pembeni mwa barabara. Alifariki akiwa na miaka 24. Hakuwa amevaa helmeti.

Si kwamba hakuna aliyekuwa amefikiria helmeti. Mwaka 1991 UCI ilitaka kuzilazimisha, waendeshaji wakagoma katika mashindano ya Paris–Nice, na sheria ikaondolewa. Helmeti zilikuwa na joto, walisema, na kila mtu aachiwe hiari yake. Baada ya kifo cha Casartelli watu walibishana kama helmeti ingemwokoa, na hiari ikabaki. Machi 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan akaanguka katika Paris–Nice ileile, naye bila helmeti, akafariki. Mwezi Mei mwaka huo zikawa lazima.

Hesabu miaka: 1991, 1995, 2003. Katika kazi yetu tunaandika ripoti ya hitilafu, mtu anaisoma, anasema haiwezi kutokea mara nyingi, anaifunga. Familia ya Casartelli ingeweza kuifungia baiskeli ile stoo, na hakuna ambaye angewalaumu. Iko ukutani, imeharibika vilevile, na kila kijana anayefika pale amevaa helmeti yake anaiona.

Na kwetu je?

Ndani ya makumbusho ya Ghisallo kuna mkusanyiko mkubwa wa jezi za waridi, anazovaa kiongozi wa Giro d'Italia. Mwaka 2018 aliyeivaa jezi hiyo mwisho wa mashindano ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunzia mashindano Kikuyu chini ya David Kinjah, na akaiwakilisha Kenya kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza. Kwa hiyo historia inayotunzwa mlimani kule ina mzizi wake mmoja hapa nyumbani.

Lakini mzizi wetu mkubwa ni ile baiskeli nyeusi nzito tuliyoiita Black Mamba. Haina gia, breki zake ni za vyuma virefu, na karia ya nyuma inabeba gunia la mahindi. Kwa baiskeli ya namna hiyo watu wa Busia walianza, miaka ya 1960, kuvusha abiria baina ya Kenya na Uganda, na jina boda boda likazaliwa mpakani pale kabla ya pikipiki kulichukua. Mafundi wa jua kali waliziboresha: wakachomelea karia pana, wakashona viti vya sponji, wakaongeza vyuma vya kukanyagia abiria. Huo ulikuwa uhandisi kamili, ila hakuna aliyeuchora kwenye karatasi. Baiskeli zenyewe zimeuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu.

Yanatupata hata katika programu. Katika kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi, mfumo wa zamani wa malipo ulifutwa kabisa siku mpya ulipowashwa. Miezi michache baadaye tulitaka kujua kwa nini senti zilikuwa zikizungushwa kwa namna fulani ya ajabu. Aliyeandika alikuwa ameondoka, na msimbo haukuwepo. Tukabaki kukisia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwa babu yako bado kuna Black Mamba imeegemea ukuta, ipige picha pande zote, muulize aliinunua mwaka gani, kwa pesa ngapi, na alibebea nini, kisha uandike majibu. Ukiamua kuitunza, usiipake rangi mpya wala usiisugue mpaka ing'ae. Na ule waya aliofungia karia ilipovunjika, uuache palepale.